Mshahara wa jaji si malipo ya mahakama

Swali: Mimi ni mfasiri, naishi Houston, Texas. Nilipotafsiri kichwa cha muswada unaohusu mahakama ya kaunti, niliandika "kubadilisha mamlaka na malipo ya kimahakama ya mahakama ya kaunti". Mwenzangu kutoka Tanga anasema haeleweki. Kosa liko wapi?

Jibu: Kosa kubwa limo katika "malipo ya kimahakama". Msomaji wa Tanga au Mombasa atafikiria ada anayolipa mdai anapofungua shauri, ilhali wewe unakusudia fedha anazolipwa jaji. Andika "mshahara wa jaji": mshahara ni neno ambalo tangu asili yake ya Kiarabu limebeba maana ya mwezi, nalo halilingani na ujira, unaolipwa kwa kazi fulani iliyofanywa, wala posho, inayoongezwa juu ya mshahara.

"Mamlaka" si kosa, ila likiachwa peke yake ni pana mno. Mtanzania aliyezoea Mamlaka ya Mapato anaweza kudhani kwamba kinachobadilishwa ni chombo kinachoisimamia mahakama. Sema "mamlaka ya kusikiliza mashauri", kwa sababu ndiyo yanayoguswa na miswada ya namna hii: aina ya mashauri na thamani ya madai. Huko Texas, mahakama za kaunti zilizoundwa kwa sheria za Bunge la jimbo kwa jumla huwekewa kiwango cha juu cha madai, ambacho mwaka 2020 kilipanda kutoka dola 200,000 hadi 250,000, lakini ziko kaunti zenye vifungu vyake maalumu.

Neno "kaunti" libaki, ingawa Mkenya mwenye kaunti zake 47 hana mahakama za kaunti za namna hii. Mtajie Texas mapema. Ningechagua pia "jaji" badala ya "hakimu", ambaye kwetu ni wa mahakama za chini, japo najua wapo watakaobisha. Jihadhari na mtego mmoja: Texas kuna chombo ambacho jina lake, likifasiriwa neno kwa neno, ni "mahakama ya makamishna", nacho ndicho kinachopitisha bajeti ya kaunti. Kiite "baraza la makamishna", usije ukampeleka msomaji kizimbani.

Kichwa chako kiwe: "Muswada wa kubadili mamlaka ya mahakama ya kaunti ya kusikiliza mashauri, pamoja na mshahara wa jaji wake." Nimeweka "kubadili" kwa makusudi, maana "kubadilisha" huelekea kutoa kimoja na kupokea kingine.