Maswali yenu ya kurekodi mechi, na hapana, tatizo sio kamera

Maswali yamejaa tena na nusu yake ni lile lile la ninunue kamera gani. Nimeweka mmoja tu kwa niaba ya wenzake wote.

Nataka kubadilisha kamera, ipi nzuri kwa mechi za nje?
Hujasema unasimama wapi, hujasema una tripodi au unashika mkononi, hujasema hata hiyo uliyonayo inakukera nini. Nunua tripodi, yenye kichwa kinachogeuka laini bila kukwama kwama. Hela ikibaki usiniandikie.

Mpira ukienda upande wenye kivuli cha jukwaa picha inakuwa giza, kisha inang'aa ghafla hadi jezi hazionekani. Kamera ni mbovu?
Kamera ni nzima, wewe ndio umeiachia otomatiki. Inajitahidi kupima mwanga upya kila ukiigeuza na inachelewa, ndio hayo unayoyaona. Weka manyuali, yaani mwanga uupange wewe mwenyewe, pima upande wenye jua halafu uache hapo, kivulini patakuwa giza kidogo lakini giza utalinyanyua ukiediti, ila jezi nyeupe ikishaungua imeungua, hakuna programu itakayokurudishia namba ya mgongoni. Mapumziko pima tena maana kivuli hakikusubiri.

Na kwa kuwa umefika manyuali nikuwahi kwenye shata, yaani muda ambao kamera inapokea mwanga kwa kila picha. Mtu kasoma mahali kwamba ukirekodi fremu (picha) 25 kwa sekunde shata lazima iwe 1/50 ya sekunde, anakuja nayo uwanjani saa sita mchana, picha nyeupe pee, anaanza kulaumu lenzi. Ukitaka 1/50 juani funga filta nyeusi ya kupunguza mwanga. Ila jiulize kwanza video ni ya nani. Kama ni ya kocha anayesimamisha picha aone mguu wa beki ulikuwa wapi, panda 1/500 au hata 1/1000, mwendo utaonekana wa kukatakata kidogo na kocha hatajali hata chembe.

Narekodi nyuma ya uzio wa waya, fokasi inashika waya badala ya wachezaji.
Sogeza lenzi mpaka ikaribie kugusa waya, zima fokasi ya otomatiki, weka fokasi katikati ya uwanja, usiiguse tena.

Upepo umeharibu sauti yote, kuna programu ya kuusafisha?
Ipo, na itakuachia sauti kama ya mtu aliye ndani ya pipa. Vika maiki manyoya kabla ya mechi, ule usponji uliokuja nayo ni wa chumbani. Halafu kaa mbali na yule anayemtukana refa, na kama ni wewe mwenyewe basi funga mdomo.

Kadi ya GB 64 ilijaa dakika ya 70, goli likaja dakika ya 80. Narekodi megabiti 100 kwa sekunde.
Megabiti 100 kwa sekunde ni GB 45 kwa saa, kwa hiyo kadi yako ina dakika 85 hivi. Ulirekodi 70. Zile 15 zimeenda wapi? Ulisahau kuzima mapumziko bwana, una robo saa ya nyasi na watu wanaokunywa maji. Na hata ungezima, dakika 90 pamoja na za nyongeza zisingetosha. Nenda na 128, betri ya pili pia.

Naweza kurusha droni juu ya mechi?
Juu ya vichwa vya watu, hapana, na nchi nyingi sheria inakataza bila kibali.

Nafuata mpira kwa zumu lakini kila goli unatoka kwenye fremu.
Swali hili linakuja kila wiki. Punguza zumu! Unamfinya mshambuliaji hadi unaona jasho, akipiga pasi ndefu huna habari imeenda wapi. Panda juu, hata kwenye ngazi za jukwaa, simama usawa wa katikati ya uwanja jua likiwa mgongoni, acha nafasi mbele ya anayekimbia. Kama kamera ina 4K, yaani picha yenye upana mara mbili ya 1080 ya kawaida, rekodi hiyo na video ya mwisho itoe 1080, unaweza kukata hadi nusu ya upana wa picha na isipoteze kitu. Hiyo ndio zumu yako, utaifanya nyumbani umekaa, ukijua tayari mpira uliishia wapi.