Mada yako ya kwanza kwenye mkutano wa madevelopa

Dakika 25 ni chache kuliko zinavyoonekana kwenye ratiba. Toa 5 za maswali na 1 ya kuhangaika na waya wa projekta, zinabaki 19, nazo zinatosha jambo moja tu. Ndiyo maana pendekezo lenye kichwa "Utangulizi wa Django" (zana ya Python ya kutengeneza tovuti) hupata shida kuchaguliwa: yako mengi ya aina hiyo, na hakuna linalokaa kichwani mwa kamati.

Leta tatizo moja ulilolitatua. Kwa mfano, ukurasa unaoorodhesha oda 50 unachelewa kufunguka. Ukichunguza unakuta kiolezo kinaita oda.mteja.jina ndani ya kitanzi, kwa hiyo Django inakwenda kwenye hifadhidata mara moja kuchukua oda, kisha mara 50 nyingine kumtafuta mteja wa kila oda. Ukiweka select_related("mteja") kwenye msimbo unaochukua oda, safari 51 zinageuka 1, kwa sababu majedwali mawili yanaunganishwa hukohuko kwenye hifadhidata. Hiyo tayari ni mada kamili. Muda ukibaki, eleza kwa nini oda na bidhaa zake, ambazo uhusiano wake ni wa wengi kwa wengi, zinahitaji prefetch_related, inayochukua bidhaa zote kwa safari ya pili.

Kwenye muhtasari andika tatizo, namna ulivyolipima, na kitu ambacho msikilizaji ataweza kufanya kesho yake kazini. Baadhi ya kamati hupima mapendekezo bila kuona majina, hivyo usitaje jina lako wala kampuni yako ndani yake.

Slaidi ya msimbo isizidi mistari 10, na fonti isipungue pointi 28. Tumia mandhari meupe. Herufi za kijivu juu ya weusi zinapendeza kwenye laptop, lakini ukumbini kwenye mwanga wa madirisha zinapotea kabisa.

Onyesho la moja kwa moja ndilo linaloangusha wengi, na mara nyingi chanzo ni intaneti. Wi-Fi ya ukumbi inagawanywa kwa watu wote waliomo, kwa hiyo usithubutu kuendesha pip install (amri ya kupakua maktaba za Python) jukwaani. Hata ukurasa unaotoka kwenye kompyuta yako mwenyewe unaweza kukuaibisha: ikiwa Bootstrap (mitindo ya kurasa iliyokwisha kuandaliwa) au fonti zinavutwa kutoka mtandaoni, ukurasa utatokea bila mpangilio wala rangi. Jipime nyumbani. Zima Wi-Fi, futa kashe ya kivinjari, fungua zana zake upande wa Network, kisha endesha onyesho zima. Kila faili linaloonekana kwa rangi nyekundu lipakue uliweke kwenye folda ya static ya mradi wako. Pamoja na hayo, rekodi video ya onyesho na uiweke kwenye laptop na kwenye flashi, ikiwa na slaidi za PDF.

Beba adapta yako ya HDMI na chaja. Ukiwa na Windows, bonyeza kitufe cha Windows na P, uchague Duplicate. Ukiacha Extend, utaandika msimbo huku shingo imegeukia ukutani, maana dirisha lako liko kwenye skrini usiyoitazama. Funga WhatsApp kabla hujachomeka waya.

Fanya mazoezi kwa sauti, saa ya simu ikihesabu. Ukizidisha muda, kata sehemu nzima. Usiongeze kasi ya kusema.

Kama dakika 25 bado zinakutisha, anza na mada fupi za dakika 5. Mikutano mingi huzitenga, na baadhi hupokea majina siku hiyohiyo.

Kuhusu nauli, mikutano mikubwa imekuja karibu nasi: DjangoCon Africa ilifanyika Zanzibar mwaka 2023 na Arusha mwaka 2025. Ikiwa ni mbali na mkutano una mfuko wa msaada, wahi fomu yake, kwani huenda ikafungwa mapema sana. Kabla hujakata tiketi, waulize waandaaji kwa barua pepe kama wanalipa wao au wanarejesha fedha baadaye kwa risiti. Wakisema ni kwa risiti, uliza pia zitarejeshwa lini na kwa njia gani, na hakikisha kila risiti ina jina lako.