Limau, risasi na udongo wa bustani

Shikamoo mwalimu. Naishi karibu na palipokuwa pakiyeyushwa betri za magari. Jirani anasema nimwagie bustani maji ya limau yatoe madini ya risasi. Nimwage? – Mama Salma, Mombasa

Marahaba, mama. Usimwage, tafadhali. Jirani hakubuni: asidi ya sitriki, ndiyo inayolipa limau ukali wake, huzibandua chembe za metali kwenye udongo na kuzitia majini. Lakini metali haiozi. Ikishabanduka shambani hushuka na maji, na chini huko kuna visima vya watu. Wataalamu huufukua udongo, huukoroga na asidi ndani ya tangi, huyakamua maji yote, kisha huitoa risasi katika maji hayo. Bila tangi unahamisha sumu tu.

Kwa nini wasitumie kemikali kali zaidi? – Mwanafunzi, Morogoro

Ipo EDTA, kemikali ya kutengenezwa inayoshika metali, na kwa risasi inaishinda sitriki. Ila haivunjiki upesi. Hukaa udongoni miezi ikiendelea kuteremsha metali. Sitriki huliwa na bakteria kwa siku au wiki chache, na kwa metali nyingine kama kadimiamu na zinki hufanya kazi nzuri. Asidi ya oksaliki usiitegemee kwa risasi: zikikutana hufanya chumvi isiyoyeyuka, risasi ikabaki palepale.

Udongo ukishaoshwa, nipande siku hiyo hiyo? – Mkulima

Hapana. Asidi haichagui, huondoka na kalsiamu na magnesiamu pia. Upimwe tena, urudishiwe chokaa na mboji.

Tunaosubiri kusafishiwa tufanyeje? – Baba wa watatu, Mombasa

Ndugu yangu, hili linaniuma. Kule Owino Uhuru, mtaa wa Mombasa, kiwanda cha kuyeyusha betri kilifungwa 2014. Mwaka 2020 mahakama iliamuru wakazi walipwe shilingi bilioni 1.3 na udongo usafishwe. Mtoto hangoji hukumu. Anachezea mchanga, unaingia kwenye kucha, kisha anashika muhogo na kula. Mnawishe kwa sabuni kabla ya kila mlo, kucha zikatwe fupi. Sakafu ipigwe deki, maana ufagio mkavu hurusha vumbi. Mchicha uoteshe kwenye magunia yenye udongo ulioletwa kutoka mahali safi. Na umpeleke akapimwe risasi kwenye damu, hata kama anaonekana mzima, kwani mara nyingi sumu hii haina dalili za mapema.