Ada yangu ilitoka kwenye kasida zake

Mhariri, mmetuuliza wiki hii: watoto waliovuma zamani kwenye filamu, televisheni na muziki wameishia wapi, na je, ni umaarufu uliowaharibu? Nawajibu kutoka Langoni, Lamu, na ninayemkumbuka kwanza hamumjui. Ni mtoto wa shangazi yangu.

Katikati ya miaka ya 1990 alikuwa na umri wa miaka 9. Mfunguo Sita ukiingia, msikiti wa Riyadha hujaa wageni wa Maulidi, matari yanalia, filimbi ya nai inapanda juu yake. Basi kati ya wale wavulana wa kanzu nyeupe alikuwa akisimama yeye, mdogo kuliko wote, akianza kasida. Nimewaona wazee wakifuta machozi kwa vilemba. Haukupita muda akawa anaitwa harusini hadi Malindi na Mombasa, akitunzwa noti mpaka zinamwanguka. Mfanyabiashara mmoja akamrekodi, kanda zikauzwa pwani nzima. Alilipa mara moja tu, tena mkononi mwa baba mtu.

Alipofika miaka 14 sauti ikamgeuka, kama inavyomgeuka kila mvulana. Mwaka uliofuata hakuna aliyepiga hodi kwao.

Leo ni nahodha wa boti ya abiria kati ya Mokowe na Lamu. Hanywi, hajagusa unga, ana mke na watoto wanne. Wapo abiria wa umri wangu wanaomtambua na kumwambia, “Nahodha, hebu tupe ile ya zamani.” Hutabasamu, akaangalia mbele. Kwa hiyo hapana, umaarufu haukumharibu. Kilichomuumiza ni siku alipotaka kununua boti yake mwenyewe, akaenda kwa baba yake kuuliza zile pesa ziko wapi. Mzee akamwonyesha boriti mpya za darini. Hakusema uongo. Nyumba ilikarabatiwa, deni la duka likalipwa, na mimi, niliyekuwa nikilelewa humo humo, nikalipiwa ada ya sekondari.

Ndiyo maana kisa cha Jackie Coogan kilinikaa moyoni nilipokisoma. Huyu ni Mmarekani aliyecheza na Charlie Chaplin katika The Kid, mwaka 1921, akiwa mtoto mdogo, akaingiza mamilioni ya dola. Alipokuwa mtu mzima akakuta mama yake na baba wa kambo wamezitumia. Mwaka 1938 akawapeleka mahakamani, akaambulia dola 126,000 hivi, kwa kuwa sheria ya California ilikuwa ikihesabu pato la mtoto kuwa mali ya mzazi. Watu walikasirika, na mwaka 1939 ikapitishwa sheria inayoitwa kwa jina lake hadi leo. Tangu mwaka 2000 asilimia 15 ya anachochuma mtoto msanii kule lazima iwekwe amana mpaka atimize miaka 18. Coogan mwenyewe alirudi kwenye televisheni miaka ya 1960, akichekesha watu akiwa mnene na kipara. Shirley Temple naye, kipenzi cha Marekani miaka ya 1930, alikuja kuwa balozi wa nchi yake Ghana mwaka 1974. Wengi hawapotei, jamani. Hukua tu, na sisi hatupendi wakue. Baha, yule mtoto wa kipindi cha televisheni cha Machachari hapa Kenya, ni mtu mzima sasa, lakini wako wanaomtaka abaki mtoto yule yule.

Ninachokiogopa ni simu zetu. Siku hizi mtoto akisoma kasida vizuri au akicheza vizuri, jioni yuko TikTok, na namba ya M-Pesa iliyo chini ya video ni ya baba. Nimewauliza wazazi watatu hapa mtaani kama mtoto ana akaunti yake benki. Mmoja alinijibu, “Lakini si anakula kwangu?” Hata shangazi yangu angejibu hivyo hivyo, na alimpenda mwanawe kwa dhati.

Mimi nimepiga hesabu ya ile ada ya miaka minne. Tangu Januari naiweka kidogo kidogo kwenye akaunti ya mtoto wa kwanza wa nahodha. Nahodha alipojua alinikasirikia, akasema ndugu hawadaiani. Mwezi uliopita nimeweka tena.

Msomaji, Langoni, Lamu