Kozi za mtandaoni: anzeni na simu ya mwanafunzi, Zoom baadaye

Mkuu, umeuliza chuo chenu kilipie Zoom, ya vipindi vya video mubashara, au kijenge mfumo wake chenyewe wa kozi za mtandaoni. Nafundisha hapa Dodoma, na kabla ya yote ningetaka kujua wanafunzi wenu wanachaji simu wapi. Sitanii. Machi 2020 vyuo vilipofungwa kwa korona, wa kwangu walitawanyika Kondoa, Bahi, Manyoni. Mmoja, kijijini huko Mpwapwa, alikuwa anaiacha simu asubuhi kwenye kibanda cha sola na kuifuata jioni. Ukiweka kipindi mubashara saa nne asubuhi, huyo umemkosa hata ukimnunulia bando.

Ndiyo maana mubashara nimeibakiza kwa maswali tu. Somo lenyewe narekodi sauti, slaidi natuma PDF. Piga hesabu: sauti ya kilobiti 32 kwa sekunde, saa nzima haifiki MB 15. Video ya kilobiti 500, saa hiyo hiyo inakula zaidi ya MB 200. Kwa anayenunua bando la siku, hapo ndipo anapoamua asome au aache. Sauti yenyewe naikata vipande vya dakika kumi hivi, mtandao ukigoma asianze upya. (Na urekodi usiku. Upepo wa Dodoma wakati wa kiangazi unasikika kwenye maiki kuliko mwalimu.)

Mfumo msijenge. Moodle, mfumo uliokwisha tengenezwa wa kuendeshea kozi mtandaoni, ni ya bure, na programu yake ya simu inamwezesha mwanafunzi kupakua somo akipata mtandao, akalisoma baadaye bila bando. Hata jaribio anaweza kulifanya hivyo, majibu yakapanda akirudi mtandaoni, mradi mwalimu awe ameiwasha ruhusa hiyo kwenye mipangilio ya jaribio. Haijiwashi yenyewe. Muda wa kukusanya kazi uwe siku kadhaa. Matangazo wekeni WhatsApp, huko ndiko wanakoshinda.

Kuna watakaosema hiyo si elimu ya chuo kikuu. Wakumbusheni Chuo Kikuu Huria cha Tanzania, kilichoanzishwa kwa sheria ya 1992, intaneti ikiwa bado haijulikani kwetu: mtu anajisomea alipo, kituo cha mkoa kipo, kukutana ana kwa ana ni kwa nadra. Maabara ndiyo siwezi kukudanganya, hiyo isubiri warudi chuoni.

Kozi yenu ni ya nini? Kama ina hesabu nyingi niambie, sauti peke yake haitoshi na kuna namna tunavyofanya.