Wasomaji Wanauliza: Hilo Jina la Mjukuu Linasomwaje?

SWALI: Shikamoo mwalimu. Mtoto wa dada angu kaolewa Ayalandi, kajifungua mapacha, wa kike wamemwita Saoirse wa kiume Seán. Bibi yao huku Mikindani anasoma kama ilivyoandikwa, Sa-o-i-ri-se, wale wa kule wakipiga video call wanasikia jina lingine kabisa, bibi anaona aibu siku hizi hataki hata kushika simu. Hizo irabu zote za nini kama hazisomwi? (Mama wa Chuno, Mtwara)

JIBU: Marahaba dada angu, na hongereni sana kwa mapacha. Kwanza mwambie bibi hajakosea kwa ujinga, kasoma Kiswahili, na sisi kila irabu tunaitamka. Kiayalandi kina utaratibu wake na ukishaujua unaona una akili sana.

Kule irabu zina kazi mbili. Zingine zinatamkwa, zingine zimesimama hapo kuielekeza konsonanti ya jirani tu. Usishangae, hata sisi tunayo, kwenye neno chai ile h huisikii kama h, kazi yake ni kuibadilisha c. Sasa wao kazi hiyo wamewapa irabu: e na i wanaziita nyembamba, a, o na u wanaziita nene, na s ikikaa na nyembamba inakuwa sh, ikikaa na nene inabaki s. Afu kuna sheria watoto wa shule kule wanaikariri, nyembamba kwa nyembamba, nene kwa nene, yaani konsonanti za katikati ya neno pande zote mbili ziwe na irabu za aina moja.

Chukua Saoirse uone. S ya kwanza inafuatwa na a, basi ni s. Aoi zote tatu kwa pamoja ni sauti moja tu, i ndefu. Kule mwisho kuna e, kwa hiyo s ya pili inakuwa sh, na ile i kabla ya r ndo imekaa upande wa pili kutimiza sheria. E yenyewe mwishoni inatamkwa kwa ulegevu, kama a iliyochoka. Unapata Siirsha. Wapo wanaosema Sersha pia, hapo muulizeni mama mtu anamwitaje mwanae, yeye ndo mwenye neno la mwisho. Na bibi mwambieni maana yake ni uhuru, naamini atalipenda.

Seán ni Yohana huyuhuyu. E haisomwi, ipo kuifanya s iwe sh, afu a inavutwa: Shaan, na mdomo unaelekea kidogo kwenye o. Mkishazoea haya hata Siobhán haiwasumbui, bh ni v, o ipo kwa ajili ya hiyo bh tu, Shivaan.

SWALI: Ni mimi tena mwalimu. Wanakuja, tunachapisha fulana za kuwapokea airport, fundi anasema kile kimstari juu ya a ya Seán akitoe kinamsumbua. Kina umuhimu? (Mama wa Chuno)

JIBU: Asikitoe dada angu, tafadhali sana! Kinaitwa fada, maana yake ndefu, na si pambo. Sean bila kimstari ni neno lingine la Kiayalandi, ni -zee, sasa mtoto mchanga mnampokea na fulana imeandikwa hivyo jamani. Ni kama mtu akutolee kile kialama cha ng'ombe, herufi zimebaki zilezile ila sauti imepotea. Wazee wetu wanaoongea Kimakonde wanavuta irabu ya silabi ya pili kutoka mwisho, urefu unajua pa kukaa hauhitaji alama, ila Kiayalandi urefu unaweza kukaa popote, kwenye Róisín upo kwenye o na kwenye i pia, usipoandika msomaji atajuaje? Saoirse haina fada kwa sababu aoi tayari ni ndefu yenyewe, kwa hiyo fundi asije akaongeza na huko.

Kwenye simu bonyeza a uishikilie, zitatokea a za kila aina, chagua yenye kimstari kinachopanda kulia. Andika jina lote, mtumie fundi WhatsApp, mwambie akopi hilohilo asiandike upya.