Ukikata tiketi ya Dominika, taja Roseau

Katika miaka yangu ya kukata tiketi za ndege, hakuna nchi ninayolazimika kuieleza mara nyingi kama Dominika. Mtu akiitaja tu, wenzake wanaanza kuzungumzia hoteli za Punta Cana na Kihispania. Hiyo ni Jamhuri ya Dominika, nchi nyingine kabisa. Iko zaidi ya kilomita 900 kaskazini-magharibi, inagawana kisiwa na Haiti, na watu wake wanapita milioni 10.

Dominika yenyewe ni kisiwa cha milima na misitu katika Karibi, kati ya visiwa vya Guadeloupe na Martinique. Ina ukubwa wa kilomita za mraba 750 hivi na watu kama 70,000. Lugha rasmi ni Kiingereza, ila majumbani utasikia pia Krioli yenye asili ya Kifaransa. Columbus alikipita tarehe 3 Novemba 1493, siku ya Jumapili, akakiita hivyo. Wakatoliki wa kwetu mnaoiita Jumapili Dominika mtaelewa mara moja. Wakalinago, wenyeji wa asili ambao wapo hadi leo upande wa mashariki, walikuwa wakikiita Waitukubuli. Uhuru kutoka kwa Uingereza ulikuja tarehe hiyohiyo, 3 Novemba, mwaka 1978.

Basi unapokata tiketi, achana na jina la nchi, taja mji mkuu: Roseau ni Dominika, Santo Domingo ni Jamhuri. Nimempokea mteja aliyejikatia mtandaoni tiketi ya Santo Domingo ilhali mkutano wake ulikuwa Roseau, na kuibadilisha kulimgharimu fedha nyingi.

Kwenye vifupisho ndiko kwenye hatari zaidi. DOM kwenye tiketi ni uwanja wa Douglas-Charles, ulioko Dominika. Lakini DOM kwenye pasipoti ni raia wa Jamhuri! Raia wa Dominika huandikiwa DMA. Hata kwenye michezo ni hivyo: katika Olimpiki ya Paris 2024, Thea LaFond aliyeshinda mchezo wa miruko mitatu (triple jump) alikuwa DMA, na hiyo ndiyo medali ya kwanza ya Olimpiki kwa nchi yake. Marileidy Paulino, bingwa wa mita 400, alikuwa DOM. Inaniuma kusikia medali ya LaFond ikipewa Jamhuri, maana kisiwa chake kilikuwa kimeharibiwa vibaya na kimbunga Maria mwaka 2017.

Angalia pia njia. Ukipitia Miami, au San Juan ya Puerto Rico ambayo ni eneo la Marekani, utahitaji visa ya Marekani hata kama hutoki nje ya uwanja, kwa hiyo ulizia kwanza njia ya Barbados au Antigua, na masharti ya huko pia. Fedha ya Dominika ni dola ya Karibi Mashariki, 2.70 kwa dola moja ya Marekani. Peso za Jamhuri hazina kazi huko.

Na ukituma kifurushi, andika jina kamili, Commonwealth of Dominica, kisha West Indies chini yake. Namba ya simu ya mpokeaji ianze na +1 767. Ukiona 809, 829 au 849, ambazo ni za Jamhuri, mpigie kwanza umuulize yuko nchi gani.